Hita ya maji imegoma? Pima kwanza, fungua baadaye

Mwezi wa saba, Arusha, kipupwe kimekolea. Simu ikalia asubuhi: "Fundi, hita yetu ni nzima, inachemsha vizuri, ila bomba la bafuni linapiga shoti kidogo. Mtoto amekataa kuoga." Kabla hata sijauliza nyumba iko wapi nikamwambia, "Mama, zima swichi ya hita sasa hivi, na mtu yeyote asiguse hilo bomba mpaka nifike." Nilipofungua kifuniko nilikuta koili, yaani chuma kinachochemsha maji, imepasuka, maji yanagusana na waya wa ndani, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa na kukunjwa pembeni. Fundi aliyetangulia aliukata kwa sababu kila akiwasha hita, breka ilikuwa inaruka. Baada ya kuukata breka ikatulia na maji yakapata moto, kwa hiyo nyumba nzima ikaamini kazi imekwisha.

Breka ile ilikuwa inasema kweli, na ikanyamazishwa. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Hita nyingi ninazoitiwa zimekwisha kubadilishiwa koili mara mbili au tatu bila mtu kuuliza nini kiliiua ile ya kwanza. Nitazungumzia zaidi hita ya tangi la ukutani, ya lita 30 hadi 80, kisha shawa ya umeme, na kidogo hita ya gesi.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita (mita ya kupimia volti na omu) ya bei ya kawaida inatosha. Testa ya bisibisi usiitegemee peke yake: inaweza kukosa kuwaka wakati umeme upo, na inaweza kuwaka kwa umeme hafifu tu unaorukia kutoka waya wa jirani. Uwe pia na bisibisi mbili, spana za kufungua nati za koili, tepu nyeupe ya mabomba, ndoo, mpira wa kumwagia maji, siki nyeupe, na gasketi mpya ya hita yako. Usipange kurudishia gasketi ya zamani. Ikishabanwa miaka miwili mitatu inakuwa ngumu, na itavujisha maji juu ya nyaya zilezile ulizotoka kuzifunga.

Hatua ya kwanza: zima, halafu thibitisha kuwa imezimika

Zima swichi ya hita, kisha zima breka yake kwenye ubao mkuu. Swichi peke yake haitoshi. Nyumba nyingi zimefungwa swichi inayokata waya mmoja tu, na nimekuta zilizokata nyutro (waya wa kurudishia umeme) zikaacha laivu (waya wa kuleta umeme) imesimama ndani ya hita muda wote.

Sasa chukua multimita, iweke kwenye volti za AC, na uijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Ikisoma karibu 230, ni nzima. Nenda kwenye hita, fungua kifuniko bila kugusa kitu ndani, pima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Zote zisome sifuri. Kisha rudi kwenye ile soketi ujaribu mita tena. Safari hii ya pili wengi wanairuka, lakini ndiyo inayokuhakikishia kwamba sifuri uliyoiona haikutokana na mita iliyokufa mkononi.

Mwachie mtu wa nyumbani maneno kamili: asiwashe breka mpaka wewe mwenyewe umwambie. Ukiweza, bandika karatasi juu yake.

Maji ni ya baridi kabisa

Anzia nje uingie ndani. Angalia kama nyumba nyingine ina umeme, na kama uniti za LUKU zipo. Angalia breka ya hita. Kisha fungua ile swichi kubwa ya ampea 20 yenye taa nyekundu. Hapo ndipo ninapomaliza kazi nyingi bila kugusa hita yenyewe. Skrubu ya waya ikilegea, mahali pale panapata joto, plastiki inageuka ya kahawia, waya unaungua taratibu mpaka unakatika. Ukiona weusi au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, badilisha swichi nzima, kata ncha ya waya iliyoungua, chuna upya hadi upate shaba safi, na ubane skrubu sawasawa.

Swichi ikiwa nzima, ingia kwenye hita. Kwenye thamostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililopangwa, kuna kitufe kidogo, mara nyingi chekundu. Hicho hukata umeme maji yanapopitiliza joto, karibu 85°C hadi 90°C kutegemea aina. Kikiwa kimeruka, kibonyeze mara moja, ujaze tangi na ujaribu. Kikiruka tena ndani ya siku chache, usiendelee kukibonyeza. Ama thamostati imeganda na haikati tena kwa wakati, ama magamba meupe yamezunguka koili na joto linabaki palepale. Kuunganisha waya moja kwa moja ili kukikwepa kitufe hicho ni kosa ambalo sitaki kulisikia kwa fundi yeyote. Tangi lililofungwa, lenye koili isiyojua kuzima, na valvu ya usalama iliyoziba kwa kutu, linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Kitufe kiko sawa? Pima koili. Ondoa nyaya zake zote mbili, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za koili. Namba unayoitarajia unaipata kwa kuzidisha 230 kwa 230 na kugawa kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha hita. Koili ya wati 1500 husoma karibu omu 35. Ya wati 2000 karibu omu 26. Ya wati 3000 karibu omu 18. Ikipishana omu moja au mbili si neno. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika ndani.

Koili ikisoma vizuri, pima thamostati. Maji yakiwa ya baridi na kitufe kimebonyezwa, njia ya kuingilia na ya kutokea zinapaswa kuonyesha umeme unapita, yaani karibu omu sifuri. Isipopita, badilisha. Thamostati ni ya bei ndogo ukilinganisha na vingine, haifai kuikwaruza kwa msasa na kuirudisha.

Maji ni vuguvugu, au yanakwisha upesi

Kabla hujafungua kitu, piga hesabu. Kupasha lita 50 kutoka 20°C hadi 60°C kunahitaji uniti 2.3 hivi za umeme. Koili ya wati 1500 itachukua zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Lita 80 kwa koili hiyohiyo ni saa mbili na nusu. Kwa hiyo anayewasha hita akiwa ameshika taulo na kuingia kuoga baada ya dakika 20 hana hita mbovu.

Jioni, mtaa mzima unapopika, volti zinaweza kushuka. Watu hufikiri zikishuka kidogo na joto litashuka kidogo, lakini haiko hivyo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya koili inabaki kama robo tatu tu. Pima volti saa mbili usiku kabla hujamlaumu aliyekuuzia hita.

Kuna sababu nyingine ambayo mafundi wengi hawaitazami: maji ya baridi yanaingia kwenye bomba la moto. Inatokea pale penye koki ya kuchanganya iliyokwisha ndani, au shawa ya mkono ya chooni iliyofungwa mwishoni huku koki zake mbili zimeachwa wazi. Kipimo chake ni rahisi. Funga koki inayoingiza maji kwenye hita, kisha fungua bomba la moto bafuni. Baada ya sekunde chache maji yanapaswa kukatika. Yakiendelea kutiririka, yanatoka upande wa baridi, na hita yako haina kosa. Funga koki za kuchanganya moja baada ya nyingine mpaka mtiririko ukatike; ya mwisho kufungwa ndiyo yenye ugonjwa. Niliwahi kukuta nyumba iliyonunua hita mpya kabisa, kumbe ilihitaji raba mbili za koki.

Yote hayo yakiwa sawa, basi magamba yamejaa. Maji ya visima vya Dodoma na ya visima vingi vya pwani huacha ukoko mweupe haraka, uleule unaouona kwenye sufuria ya chai. Utausikia pia: hita inanguruma na kupasuka-pasuka kama mahindi kwenye kikaango.

Breka inaruka, au bomba linapiga shoti

Hapa sharti tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapokufa.

Koili ni bomba jembamba la chuma. Ndani yake kuna waya unaopata moto, na kati yake kuna unga mweupe unaozuia umeme usifike kwenye chuma. Chumvi na kutu zikitoboa bomba lile, maji yanaingia kwenye unga na umeme unaanza kutoka kuingia kwenye maji ya tangi. Koili inaweza kuendelea kuchemsha katika hali hiyo kwa wiki nyingi.

Waya wa ethi ukiwepo, umeme uliovuja unakimbilia ardhini, na kile kifaa cha kuzuia mvujo cha miliampea 30 kinakata. Ethi isipokuwepo, tangi lote, mabomba na shawa vinashika umeme, vinangoja mtu mwenye miguu iliyolowa. Breka ya kawaida ya ampea 20 haikusaidii hapo. Miliampea 100 zinatosha kuusimamisha moyo, na breka hiyo haizioni hata kidogo.

Kwa hiyo pima hivi. Umeme umezimwa, nyaya za koili zimeondolewa. Weka mita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu. Ncha moja gusa pini ya koili, nyingine gusa chuma cha tangi mahali palipo safi. Mita isisome kitu. Ikisoma kiloomu chache, koili imetoboka, hata kama jana mmeoga maji ya moto. Fundi mwenye mega, kipimo cha mvujo kinachotumia volti 500, atapata jibu la uhakika zaidi, kwa kuwa mita ya kawaida inapima kwa volti ndogo na mvujo mdogo unaweza kuipita. Mega ikisoma chini ya megaomu moja, koili hiyo mimi siirudishi.

Halafu ithibitishe ethi yenyewe. Soketi yenye tundu la tatu haina maana kwamba nyuma yake kuna waya. Kwenye nyumba za zamani nimefungua soketi nyingi za namna hiyo nikakuta tundu tupu. Umeme ukiwepo, volti kati ya laivu na ethi zinapaswa kukaribiana na zile za laivu na nyutro. Ukipata 60, au 110, au namba inayocheza-cheza, ethi haipo. Ukipata namba nzuri bado haijathibitika kuwa imara, kwa sababu rodi yenyewe ardhini inapimwa kwa kifaa maalumu. Hapa mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, apime na afunge kifaa cha mvujo kama hakipo. Kuunganisha ethi na nyutro ndani ya hita si njia ya mkato: siku nyutro ikikatika, tangi zima linakuwa laivu.

Kubadilisha koili

1. Zima na thibitisha kama tulivyosema. Acha maji yapoe. Yenye 60°C yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.
2. Funga koki inayoingiza maji. Fungua bomba la moto bafuni ili hewa iingie, la sivyo tangi halitamwaga.
3. Unganisha mpira, nyanyua kijiti cha valvu ya usalama au fungua nati ya bomba la kuingilia, mwaga maji kwenye ndoo au nje. Lita 50 ni kilo 50, zitachukua muda.
4. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kung'oa hata moja.
5. Legeza nati za koili kwa kupishana, kulia kisha kushoto, ndoo ikiwa chini. Maji yaliyobaki yatatoka kwa kishindo.
6. Toa koili pamoja na fimbo ya magnesiamu, ile mafundi wanayoiita anodi. Tazama ndani kwa tochi, kokota magamba kwa mkono au kijiko cha mbao. Usitumie chuma chenye ncha. Utakwangua rangi ya ndani inayolinda tangi.
7. Nunua koili yenye wati, urefu na sahani inayofanana na ya zamani. Nenda nayo dukani mkononi.
8. Funga na gasketi mpya, bana nati kwa kupishana tena, kidogo kidogo.

Koili ikiwa nzima ila imefunikwa na magamba, ilaze kwenye siki nyeupe kwa saa kadhaa, pini zikiwa juu na kavu, kisha isuuze na uipime upya kabla ya kuirudisha.

Sasa ile anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiwa imebaki waya mtupu katikati, basi tangi lenyewe ndilo linaloliwa. Badilisha kila mwaka mmoja au miwili, na kwenye maji ya chumvi itazame kila baada ya miezi sita. Inasikitisha kuona tangi zuri linatupwa kwa kukosa fimbo ya bei ndogo kuliko gunia la mkaa. Harufu ya yai viza kwenye maji ya moto pekee pia huanzia humo tangini: safisha, badilisha anodi, na pandisha joto hadi 60°C. Joto hilo nalishauri kwa kila nyumba, kwa sababu kati ya 20°C na 45°C bakteria wa Legionella wanastawi majini, na kwenye 60°C wanakufa. Kwa watoto, changanya na ya baridi bombani.

Inavuja

Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, funika kwa karatasi ya chooni, ngoja nusu saa uone karatasi italowa wapi.

Ikilowa kwenye valvu ya usalama wakati hita inachemsha, hilo ni la kawaida. Maji yakipata moto yanatanuka; lita 50 zinaongezeka kama robo tatu ya lita na lazima zipate pa kutokea. Weka mpira mdogo uelekee kwenye tundu la maji machafu. Usizibe kamwe tundu hilo, hata kwa kijiti. Ikidondoka usiku na mchana hita ikiwa imezimwa, presha ya bomba la mtaa ni kubwa mno au valvu imeshika uchafu. Nyanyua kijiti chake mara mbili tatu ijisafishe, ikishindikana badilisha.

Ikilowa kwenye sahani ya koili ni gasketi. Ikilowa kwenye mshono wa tangi au maji yakitoka chini ya ganda la nje bila kuonekana chanzo, tangi limetoboka. Gundi na kuchomelea havitashika. Nunua jingine.

Shawa ya umeme

Hii haina tangi. Inapasha maji yakiwa yanapita, ndiyo maana inakula umeme mwingi kwa wakati mmoja. Ya wati 5500 inavuta ampea 24. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye ubao, wa milimita 6 za mraba, na breka ya ampea 32. Waya wa soketi wa milimita 2.5 unaweza kupata moto kupita kiasi ndani ya ukuta.

Isipowaka kabisa, mara nyingi tatizo ni presha. Ndani kuna raba nyembamba inayosukumwa na maji ndipo igonge swichi. Simtanki likiwa juu ya shawa kwa mita moja, presha ni baa 0.1 tu, na baadhi ya shawa haziamki hapo. Safisha matundu ya mbele na kichujio cha nyuma kwanza. Uchafu wa simtanki huwa umejaa humo. Bado? Inua tangi au weka pampu ndogo.

Ukiwa na maji ya kisima yenye chumvi, nunua shawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Katika zile za kawaida waya uko wazi ndani ya maji, na chumvi inayafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi. Kwa shawa hizi ethi na kifaa cha miliampea 30 ni lazima.

Hita ya gesi, kwa ufupi

Isipotoa cheche, badilisha betri zake kwanza. Ikitoa cheche bila moto, tazama mtungi na presha ya maji. Moto ukiwa wa njano na wenye masizi badala ya bluu, izime na uite fundi. Isifungwe kamwe ndani ya bafu lililofungwa: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua mtu akiwa anaoga.

Kuwasha tena

Rudisha maji kabla ya umeme. Bomba la moto liwe wazi, fungua koki ya kuingiza, ngoja hewa iteme-teme mpaka maji yatoke mfululizo bila kukatika. Koili ikiwashwa nje ya maji inaungua kwa dakika chache, na kazi yote unaianza upya. Kagua gasketi kwa kidole kikavu. Rudisha kifuniko, washa breka, washa swichi, bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa cha mvujo uone kinakata. Baada ya nusu saa shika swichi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya moto, kuna skrubu hujaibana.

Na kabla hujafunga kifuniko cha hita, andika kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani, tarehe uliyobadilisha koili na tarehe ya anodi. Fundi atakayefuata ataanzia hapo.